Nywele zetu na cheti cha ukutani

Kuna maswali mawili ambayo kila Mtanzania aliyeko Ulaya huulizwa na watu wa nyumbani. Baridi unaivumiliaje? Na ugali unaupata wapi? Hayo majibu yake ni mepesi: baridi unavaa koti, na unga unauzwa. Lakini kuna swali la tatu, ambalo huulizwa na wanawake peke yao, na hilo ndilo lenye kazi: nywele unasukia wapi?

Binamu yangu wa Tanga, ambaye mwakani anatarajia kuja kusoma huku, kaniuliza hilo wiki iliyopita. Nilitaka nimjibu kwa mstari mmoja, nikaona haitoshi. Jibu lake si anwani ya saluni tu. Lina sheria ndani yake, lina shule, lina vita vya Kongo, na lina mama mmoja fundi hasa ambaye kwa makaratasi ya Ujerumani si fundi. Basi nimeona nilieleze kwa kirefu, na wengine nao wafaidike.

Mimi naishi Bonn tangu Septemba 2024. Kwa wapenzi wa redio mji huu si mgeni. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza kutangaza mwaka 1963 kutoka Köln, mji wa jirani, na mwaka 2003 shirika lile likahamia hapa Bonn. Kwa hiyo Waswahili kando ya mto Rhine hawakuanza kuonekana jana. Nami nimekuja kwa kazi hiyohiyo ya habari, na siku hizi mtangazaji hajifichi tena nyuma ya sauti. Kila kipindi kina kamera, kila mahojiano yana kipande cha video. Kichwa chako ni sehemu ya kazi, upende usipende.

Nilikuja na rasta ndogondogo nilizosukwa Kinondoni. Msusi wangu aliniahidi zitakaa miezi mitatu, na kweli zilikaa. Lakini nywele hazingoji mtu apate kibali cha ukaazi wala azoee mji. Zinaota tu, sentimita moja hivi kwa mwezi. Ilipofika Desemba mizizi ilikuwa imejaa, na kila nikijitazama kwenye kioo cha studio naona mtu anayehitaji msaada wa haraka.

Sasa, saluni Bonn zipo kila kona. Wajerumani wanapenda kuzipa majina ya utani yanayocheza na neno lao la nywele, Haar, mpaka unacheka barabarani. Bei zimebandikwa mlangoni: wanaume kivyao, wanawake kivyao, kuosha bei yake, kukata bei yake, kukausha bei yake. Jumatatu nyingi zimefungwa, huo ni utaratibu wao wa miaka mingi. Siku nyingine unatakiwa uwe na miadi. Si kama kwetu ambako unaingia, unakuta watu sita, unaambiwa “dada kaa, sasa hivi tu”, unatoka saa mbili usiku ukiwa umeshajua habari za mtaa mzima.

Niliingia moja siku ya Jumanne. Msichana wa mapokezi alitazama kichwa changu, akatabasamu, akaenda nyuma kumwita mwenye saluni. Akaja mama wa makamo, mpole kweli. Akaomba ruhusa ya kushika nywele zangu, na hilo nililipenda maana huku wengi hushika bila kuomba. Akazichunguza kama daktari. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: “Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini. Nywele kama zako sikufundishwa. Nikizigusa nitakuharibia, na pesa yako sitaki kuila bure.” Akanipa glasi ya maji, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Nilimheshimu. Mafundi wangapi wanakubali kwamba hawajui? Lakini nikiwa nje pale nikifunga skafu yangu, jambo moja lilinisumbua. Ukutani mwake kulikuwa na cheti kikubwa kwenye fremu, chenye mhuri. Na cheti kile si mchezo. Ujerumani anayetaka kazi ya nywele hujifunza miaka mitatu, siku nyingine yuko saluni anafanya kazi, siku nyingine yuko darasani. Mwisho kuna mtihani. Akitaka kufungua saluni yake mwenyewe, kwa kawaida anahitaji kupanda ngazi nyingine, awe fundi mkuu, yule wanayemwita Meister, au amwajiri mwenye cheti hicho asimamie kazi. Mwaka 2004 serikali iliondoa sharti hilo kwa kazi za ufundi 53. Kazi ya nywele haikuondolewa.

Kwa maneno mengine, huyu mama alikuwa na karatasi inayosema anajua nywele. Nywele zote. Na kichwa changu hakimo. Sisi neno “shule” tulilichukua kwao, kutoka Kijerumani, na tunalitumia mpaka leo kila asubuhi. Shule yao ya nywele ndiyo ambayo kwa huyu mama haikumfikishia habari zetu.

Watu wakanielekeza Köln. Kwa treni ni kama nusu saa. Huko kuna maduka ya vyakula vya Kiafrika ambayo wenyewe wanayaita Afroshop, na ukiingia unajua umefika: unga wa muhogo, ndizi za kupika, mawese, samaki wakavu, na ukuta mzima wa nywele za bandia na mafuta ya nywele. Mwenye duka hakuniuliza mengi. Alinitazama kichwani, akachukua kalamu, akaandika namba ya simu kwenye risiti.

Ndiyo hivyo nilivyompata huyu mama ninayetaka kuwaambia habari zake. Jina lake silitaji, mtaa wake silitaji. Sababu mtaiona.

Anasukia nyumbani kwake, ghorofani, sebuleni. Nilipopiga hodi nikasema kwa adabu zetu, “Shikamoo mama.” Akaangua kicheko. “Eh! Ile shikamoo ya Batanzania! Kwetu tunasema jambo tu. Ingia, mwanangu. Kiswahili chenu kiko kigumu, lakini tutasikilizana.” Ni mtu wa Bukavu, Kivu ya Kusini. Nimekwenda kutafuta msusi, nikapata na lugha yangu juu yake, ingawa yake imetembea njia nyingine. Yeye anasema “batu”, mimi nasema “watu”. Yeye “kusikilizana” ni kuelewana. Tulielewana.

Nikakaa kwenye mto chini, katikati ya magoti yake, kama nilivyokaa utotoni barazani kwa bibi. Akachukua chanuo, akaanza kufumua. Jamani, mikono ile! Haivuti, haikimbii, haikati nywele. Aliniuliza nataka msuko gani. Nikamwambia leo nina haraka, nisuke twende kilioni. Akasimamisha mikono. “Munasuka kwa kwenda kwenye kilio?” Ikabidi nimweleze kwamba kwetu huo ni msuko mwepesi, mistari inayokwenda moja kwa moja nyuma, mtu akipata habari ya msiba anasukwa upesi anaondoka. Alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku ile nikimpigia simu ananiuliza, “Unakuja kwa kilio ama kwa ndoa?”

Nilirudi Januari, na siku hiyo nikakuta mgeni mwingine. Mama wa Kijerumani, na binti yake wa miaka sita hivi, baba yake Mkameruni. Mtoto amekaa magotini kwa msusi, mama yake amekaa pembeni na daftari. Ndiyo, daftari! Anaandika. Unaanza kuchana wapi, kwenye ncha au kwenye mzizi? Maji kwanza au mafuta kwanza? Unagawa kichwa mara ngapi? Msusi anamwonyesha kwa mikono, na Kijerumani chake kinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Halafu anamwachia mama asuke mstari mmoja mwenyewe. Ukipinda, unafumuliwa. Rudia.

Yule mama aliniambia kwamba kwa miaka mitano kila asubuhi ilikuwa vita ndani ya nyumba. Mtoto analia, yeye analia. Saluni mbili alizokwenda walimwambia hawawezi, ya tatu walishauri nywele zikatwe zote. Mtoto akaanza kuuliza kwa nini nywele zake ni mbaya. “Sikuwa na jibu,” akasema, “kwa sababu mimi mwenyewe sikuzijua.” Siku ile mtoto aliondoka na mabutu manne yenye shanga, akitikisa kichwa makusudi ili zigongane, ngazi nzima tunamsikia.

Nikawaza: hapa hasa aliye Meister ni nani? Anayefundisha, anayesahihisha, anayemkabidhi mwanafunzi kazi na kumwambia rudia. Maana ya neno lile ndiyo hiyo.

Mwandishi wa habari akiona jambo kama hilo mkono unamwasha. Nikamwomba nirekodi kipindi. Dakika kumi tu za redio: ususi, Bukavu, mtoto, daftari. Akakataa palepale, mikono ikiwa bado kichwani mwangu. “Redio inasikika na kila mutu, mwanangu. Hata na bale bakubwa.”

Na hapo ndipo nilipoelewa. Huyu mama hasuki tu. Anakata, anaosha, anaweka rangi, anaweka dawa ya kulainisha. Kufanya hivyo kibiashara nchini Ujerumani bila kuandikishwa kwenye chemba ya ufundi ni kazi ya kificho, na faini yake inaweza kuivunja nyumba. Ana watoto watatu shuleni. Mchana anafanya usafi ofisini, kazi halali yenye mkataba. Kazi anayoijua tangu ana miaka kumi na minne ndiyo anayoifanya jioni, huku pazia limeshushwa. Bukavu alikuwa na saluni yake, viti vitatu na wasichana wawili aliowafundisha mwenyewe. Huku mmoja wa wateja wake akigonga mlango kwa nguvu, moyo unamruka.

Sikumshawishi. Mambo haya nayaandika kwa ruhusa yake, baada ya kumsomea yote, naye akanitoa mstari mmoja ambao ungemtambulisha.

Sasa kuna wasomaji watasema: unaona, Mzungu na sheria zake! Mimi sitaki kwenda huko moja kwa moja. Sheria ile ina sababu. Dawa za kulainisha nywele zinaunguza. Nani kati yetu hajawahi kumwona mtu katoka saluni Dar na vidonda kichwani, na akirudi kulalamika anaambiwa “ulijikuna, ndiyo maana”? Nani wa kumshtaki? Kule kwetu anayetaka saluni ananunua drayer, anaandika jina ukutani, kesho anafungua. Wengine ni mafundi wa ajabu, wengine wanajifunzia kwenye vichwa vya watu. Huku ukiunguzwa, kuna cheti ukutani na kuna mwenye kuwajibika. Nalikubali hilo, tena naliheshimu.

Ninachokataa ni kitu kingine. Nakataa kwamba karatasi inaweza kusema “anajua nywele” wakati hajui za kwangu, na nyingine isiweze kusema “anajua” kwa mtu ambaye vichwa vya mji mzima vinamtegemea. Kama kweli lengo ni kumlinda mteja, basi mimi mteja sijalindwa. Nimefungiwa mlango kwa upole upande mmoja, na upande wa pili nimeachwa niingie kwa kificho.

Tena dawa ipo, na si ya kubuni. Uingereza mwaka 2021 ilibadilisha viwango vya kitaifa vya mafunzo ya kazi ya nywele, na nywele za Kiafrika zikaingizwa kama sehemu ya yale anayopaswa kuyajua kila anayejifunza kazi hiyo. Kabla ya hapo mtu aliweza kumaliza mafunzo yote bila kuzigusa. Haikuhitaji mapinduzi. Ilihitaji watu kukaa na kuandika upya orodha ya masomo.

Ujerumani nayo imefungua mlango mdogo. Tangu Januari 1, 2025 iko sheria inayompa mtu mwenye miaka 25 au zaidi, asiye na cheti cha kazi anayoifanya, haki ya kupimwa ujuzi wake na chemba. Sharti ni awe ameifanya kazi hiyo kwa mara moja na nusu ya muda wa mafunzo. Kwa nywele, ambazo mafunzo yake ni miaka mitatu, hiyo ni miaka minne na nusu. Matokeo yake si umeister, na saluni hufungui kwa hiyo karatasi peke yake. Lakini kuna mahali ambapo mtu anakaa, anakutazama ukifanya kazi, na anaandika alichokiona.

Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe, Februari, nikiwa na furaha kama niliyeshinda bahati nasibu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. “Nitaonyesha nini kama nimefanya kazi? Ya huku nikiionyesha, nimejishitaki. Ya kule iko kule.”

Ya kule ilikuwa kwa dada yake, Bukavu: leseni ya saluni, picha, daftari la wateja. Na Februari hiyohiyo ya 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Siku nilipofika kusuka, simu ilikuwa imewekwa juu ya meza, spika imefunguliwa, na kila robo saa anapiga. Haiiti. Anasuka, anapiga. Hakuna aliyetia utani wa kilio siku ile. Nilikaa saa tano magotini pale na sikumsikia akivuta unywele hata mmoja. Simu ikaja kushika usiku, nikiwa nimeshavaa koti. Dada yu mzima, watoto wazima, wamejifungia ndani. Huyu mama akaketi chini, akasema “Asante Mungu” mara tatu. Cha leseni hakuuliza, na mimi ningemwuliza vipi?

Baada ya miezi kadhaa dada mwenyewe alituma picha za karatasi hizo kwa simu, bila kuombwa tena. Leseni ina mikunjo na imepauka lakini inasomeka. Sasa tuna faili: leseni, picha tatu za saluni, na barua ya mmoja wa wale wasichana aliowafundisha, ambaye leo ana saluni yake Kampala. Mimi nasaidia Kijerumani. Kama chemba itasema nini, tutasubiri. Kitu kimoja kinamtia hofu kuliko mtihani wenyewe: atapimwa pia kukata nywele nyoofu za Kizungu. “Nitajifunza,” akaniambia. “Kama yule mama wa daftari alijifunza za mutoto wake, mimi nitashindwa nini?”

Nisiwaache bila kugusa kwetu, maana ni rahisi kuisema nchi ya watu. Mimi nimesoma shule ya serikali, na kama wasichana wenzangu nimekwenda darasani na kichwa kilichonyolewa. Tuliambiwa nywele zinapoteza muda wa masomo. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kuzitunza, tulifundishwa kuziondoa. Wengi wetu tulikutana na nywele zetu baada ya kidato cha nne, na cha kwanza tulichofanya ni kuzitia dawa. Kwa hiyo yule mama wa Kijerumani mwenye saluni si peke yake ambaye shule ilimruka hapo.

Na wasusi wetu wa barazani nao, wale waliojifunzia kwa dada zao, wanajua kila kitu isipokuwa kujiandikisha mahali popote. Tanzania ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kupitia VETA, ambao fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kurudi darasani kuanza moja. Mafundi wengi wameshapitia humo, maseremala, waashi, mafundi magari. Wewe dada msusi unayesoma hapa, nenda ukaulize kwa fani yako. Usingoje mpaka uwe na safari. Piga picha kazi zako ziwe na tarehe. Leseni ya biashara usiifungie vitumbua. Mteja akikusifu, mwambie aandike na asaini.

Najua utaniambia kazi yako inaonekana yenyewe, kichwa cha mteja ndicho tangazo. Ni kweli mtaani kwako, ambako kila mtu anakujua. Ila siku moja unaweza kujikuta kwenye mji ambao hakuna anayekujua, na pale mlangoni hawataangalia kichwa cha mteja. Wataangalia karatasi kwanza.